Kiingereza katika Milima ya Mgeta: Je, Kiswahili ni Daraja au Kikwazo?

Barabara inayoacha njia kuu ya Morogoro na Iringa pale Sangasanga hupita Mlali, kisha hupanda kwa mizunguko mingi mpaka Mgeta, upande wa magharibi wa milima ya Uluguru. Huko juu hewa ni ya baridi, na wakulima hustawisha kabichi, karoti, njegere na viazi mviringo katika matuta ya ngazi yanayonyweshwa kwa mifereji ya maji ya milimani. Mtoto wa Mgeta hahitaji kitabu cha kumwambia mvua kubwa hufanya nini inapoanguka juu ya mteremko usiokuwa na mimea. Ameuona mto ukigeuka rangi. Amemwona mama au mjomba akirudisha kwa jembe udongo ulioporomoka usiku.

Mtoto huyo huyo, afikapo Kidato cha Kwanza na kuulizwa kwa Kiingereza kwa nini wakulima hukata matuta ya ngazi, aghalabu hunyamaza. Mwalimu asiyejihadhari huuchukua ukimya huo kuwa ni dalili ya kutojua, naye mwanafunzi mwenyewe, baada ya miezi michache, huanza kuamini hivyo. Makala haya yanahusu ukimya huo: unatokana na nini, na ni mbinu zipi za kufundisha Kiingereza ambazo uchunguzi umeonyesha kwamba zaweza kuuondoa.

Mwanafunzi wa lugha tatu

Watoto wengi wa Mgeta huanza maisha kwa Kiluguru. Kiswahili huwajia baadaye kidogo, kwa njia ya kanisa, soko, redio, michezo na hatimaye shule, kwa kuwa tangu mwaka 1967, lilipotolewa Azimio la Arusha na waraka wa Elimu ya Kujitegemea, Kiswahili ndicho kilichofanywa lugha ya kufundishia katika shule za msingi za umma nchini Tanzania. Kiingereza hufundishwa huko kama somo mojawapo. Mlango wa sekondari ukifunguliwa, mambo hugeuka ghafla: isipokuwa somo la Kiswahili na masomo machache mengine, kila kitu, kuanzia Hisabati hadi Baiolojia, husomwa na kutahiniwa kwa Kiingereza.

Yafaa itofautishwe tangu mwanzo kati ya mambo mawili ambayo mara nyingi huchanganywa. Kufundisha Kiingereza ni jambo moja. Kufundisha kwa Kiingereza ni jambo jingine. Swali la pili ni la sera, nalo limejadiliwa kwa muda mrefu. Tume ya Rais ya Elimu iliyoongozwa na Jackson Makweta ilipendekeza mwaka 1982 kwamba Kiswahili kianze kutumika katika sekondari. Mwaka 1984 serikali ikaamua Kiingereza kiendelee. Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014 ikaufungua tena mjadala. Pamoja na hayo yote, madarasa ya sekondari za serikali yameendelea kufundishwa kwa Kiingereza. Mwalimu aliye mbele ya Kidato cha Kwanza asubuhi ya Jumatatu hana uwezo wa kubadili sera. Uwezo alio nao ni wa kuchagua mbinu.

Na kabla ya kuchagua mbinu, yampasa atambue kwamba aliyeketi mbele yake si mtu asiyejua kujifunza lugha. Mtoto huyu alikwisha kujifunza lugha ya pili na kuimudu. Anakiongea Kiswahili, anacheka kwa Kiswahili, anabishana kwa Kiswahili kuhusu mpira. Jambo hilo lenyewe lingetosha kuwafanya walimu waulize: Kiswahili kilimwingiaje, na kwa nini Kiingereza hakimwingii?

Sehemu ya jibu ni undugu. Kiluguru na Kiswahili ni lugha za Kibantu. Ngeli za majina, upatanisho wa kisarufi, namna kitenzi kinavyobeba ndani yake mtendaji, wakati na mtendwa, vyote hivyo mtoto huvikuta tayari kichwani mwake, abadilishe tu vipande. Lugha hizo mbili zina mambo yake pia: Daniel Mkude, katika tasnifu aliyoiandika Chuo Kikuu cha London mwaka 1974, alichunguza jinsi Kiluguru kinavyoruhusu kiima na yambwa kubadilishana nafasi katika sentensi. Lakini ukitazama kwa ujumla, safari ya kutoka Kiluguru hadi Kiswahili ni ya kuvuka kijito, na ile ya kutoka Kiswahili hadi Kiingereza ni ya kuvuka mto.

Sehemu ya pili ya jibu ni saa, na hapa hesabu husema zaidi kuliko maneno.

Dakika themanini kwa mwaka

Chukulia mtoto anayesikia na kusema Kiswahili kwa saa 3 tu kila siku. Kwa mwaka mmoja hupata zaidi ya saa 1,000. Sasa chukulia darasa lenye vipindi 6 vya Kiingereza kwa wiki, kila kipindi dakika 40, kwa wiki 40 za masomo. Hizo ni saa 160. Ili kufikia saa ambazo Kiswahili kilimpatia kwa mwaka mmoja, mwanafunzi angehitaji zaidi ya miaka 6, tena bila ya kukosa kipindi hata kimoja kwa mvua, ugonjwa au kazi za shamba.

Hesabu ya kusema ni ya kutisha zaidi. Ikiwa darasa lina wanafunzi 60, na mwalimu mwema akatoa nusu ya kipindi ili wanafunzi waseme mmoja mmoja, kila mmoja hupata sekunde 20. Kwa vipindi 240 vya mwaka mzima hizo ni sekunde 4,800, yaani dakika 80. Hakuna mtu aliyepata kujua lugha kwa kuisema dakika 80 kwa mwaka. Lakini mwalimu yule yule akiwapanga wanafunzi wawiliwawili, dakika zile 20 humpa kila mmoja dakika 10 za kusema, na kwa mwaka huwa saa 40. Saa za shule hazikuongezeka, wala mshahara, wala madawati. Kilichobadilika ni mpango wa kukaa tu. Ni kweli kwamba darasa hilo litakuwa na kelele, na mwalimu mkuu apitaye nje aweza kudhani hakuna mwalimu ndani. Mashauri hayo yafaa yamalizwe ofisini mapema.

Mbinu zilikotoka

Mbinu za kufundisha lugha za kigeni zina historia, na mwalimu anayeijua hatababaishwa na kila jina jipya linalotangazwa katika semina.

Kwa muda mrefu huko Ulaya lugha za kigeni zilifundishwa kama Kilatini kilivyofundishwa: kanuni za sarufi hukaririwa, kisha sentensi hutafsiriwa huku na huku. Mwanafunzi aliweza kueleza sarufi nzima ya lugha asiweze kuomba maji. Katika karne ya 19 wakazuka wapinzani. Maximilian Berlitz alifungua shule yake huko Providence, Marekani, mwaka 1878, akafundisha bila ya kutafsiri neno lolote: mwalimu huonyesha kitu, hukitaja, mwanafunzi huiga. Mbinu hiyo iliitwa mbinu ya moja kwa moja. Ilifaa sana pale ilipozaliwa, yaani katika madarasa madogo ya watu wazima waliolipa kwa hiari yao.

Wakati wa Vita Kuu ya Pili Wamarekani walihitaji askari wenye lugha nyingi kwa haraka. Kutokana na juhudi za wakati huo, na kazi ya Charles Fries katika Chuo Kikuu cha Michigan, ilikua mbinu ya mazoezi ya kurudiarudia: sentensi ya mfano husemwa, neno moja hubadilishwa, darasa zima huitikia. Walimu wengi wa Afrika Mashariki wangali wakiyakumbuka majedwali yale. Msingi wake ulikuwa imani kwamba lugha ni mazoea, kama kupiga ngoma. Mwaka 1959 Noam Chomsky aliishambulia imani hiyo kwa kuonyesha kwamba mtu husema kila siku sentensi ambazo hajapata kuzisikia, kwa hiyo haiwezekani awe anarudia mazoea tu. Tangu miaka ya 1970 mkazo ukahamia kwenye mawasiliano: lugha hufundishwa kwa kutumika. Mfano ulio karibu na hali yetu ni ule wa N. S. Prabhu, ambaye kati ya mwaka 1979 na 1984 aliongoza majaribio katika shule za kusini mwa India, ambamo wanafunzi walipewa ramani, ratiba za treni na hesabu za bei ili wazitatue kwa Kiingereza, na sarufi ikaachwa iwaingie humo kazini. Mwalimu wa Mgeta hana ratiba ya treni, lakini anazo bei za magunia ya njegere katika soko la Nyandira.

Tukio lililogusa Afrika Mashariki kwa namna ya pekee lilitokea mwaka 1961 katika Chuo cha Makerere, Kampala. Wataalamu wa nchi za Jumuiya ya Madola walikutana huko kuzungumzia ufundishaji wa Kiingereza kama lugha ya pili. Mwanaisimu Robert Phillipson, alipoichambua miongozo ya mkutano huo mwaka 1992, aliona imejengwa juu ya imani tano: kwamba Kiingereza hufundishwa vyema kwa Kiingereza pekee; kwamba mwalimu bora ni yule aliyezaliwa na lugha hiyo; kwamba kadiri kinavyoanzwa mapema ndivyo matokeo yanavyokuwa mazuri; kwamba kadiri kinavyofundishwa kwa wingi ndivyo hivyo; na kwamba lugha nyingine zikitumika sana kiwango cha Kiingereza hushuka. Phillipson aliziita zote tano kuwa ni makosa. Labda alizidisha, kwani wingi wa saa una uzito wake, kama hesabu iliyotangulia inavyoonyesha. Lakini kuhusu ile ya kwanza na ile ya mwisho ushahidi uko upande wake. Hata hivyo ndizo zilizotia mizizi. Vibao vya ukutani vinavyoamuru Kiingereza tu, na adhabu kwa mwanafunzi aliyesikika akisema Kiswahili uwanjani, ni matunda ya imani hizo.

Matokeo yake yalipimwa. Mwaka 1984 Clive Criper na William Dodd waliwapima wanafunzi wa Tanzania wa ngazi mbalimbali. Waliona kwamba kwa upande wa Kidato cha Nne ni kama asilimia 10 tu waliokuwa wamefikia kiwango ambacho mtu angetarajia kiwe cha kuanzia masomo kwa Kiingereza. Yaani wengi walikuwa wanamaliza safari kabla ya kufika kwenye kituo cha kuondokea. Kutokana na taarifa hiyo ulianzishwa mwaka 1987, kwa msaada wa Uingereza, mradi wa kuimarisha Kiingereza katika sekondari, ambao jambo lake kubwa lilikuwa kupeleka shuleni vitabu vyepesi vya hadithi. Wazo hilo la vitabu vyepesi lina sayansi ndani yake, na lastahili kuelezwa kwa kirefu.

Maneno mangapi yanatosha?

Msomaji hukwama katika ukurasa kwa sababu nyingi, lakini sababu ya kwanza ni maneno asiyoyajua. Mwaka 2000 Hu na Nation walichapisha jaribio ambamo wasomaji walipewa hadithi moja yenye viwango tofauti vya maneno yasiyojulikana. Pale maneno yaliyojulikana yalipokuwa asilimia 80, hakuna aliyeielewa hadithi ipasavyo. Kwa asilimia 95 wachache waliielewa. Ni kwenye asilimia kama 98 ndipo wengi waliposoma bila ya taabu. Asilimia 80 ya ukurasa husikika kama nyingi. Kwa kweli maana yake ni kwamba katika kila maneno matano moja ni giza.

Michael West, aliyefanya kazi yake Bengali kabla ya kuchapisha orodha yake mashuhuri mwaka 1953, alikusanya maneno ya Kiingereza yapatayo 2,000 yatumikayo zaidi kuliko mengine. Maneno hayo, pamoja na yale yanayozaliwa nayo, hufunika karibu asilimia 80 ya maandishi ya kawaida. Ni hazina kubwa, na bila hiyo hakuna mlango unaofunguka. Lakini kitabu cha Baiolojia hakisomeki kwa asilimia 80.

Mwalimu aweza kulipima jambo hili darasani mwake bila ya chombo chochote. Achague ukurasa wa kitabu cha kiada, ahesabu maneno 100 mfululizo, na kila mwanafunzi, bila ya kutaja jina lake, apige mstari chini ya maneno asiyoyajua. Mstari mmoja au miwili: mwanafunzi aweza kuusoma ukurasa huo peke yake. Mistari mitano: anahitaji msaada. Mistari ishirini: hasomi, anatazama tu. Walimu wa masomo ya sayansi wakishiriki kipimo hiki huenda wakashangaa, kwa maana maneno yanayowakwamisha wanafunzi mara nyingi si yale ya kitaalamu, ambayo mwalimu huyaeleza, bali ni madogo ya kuunganisha kama vile “although”, “whereas” na “therefore”, ambayo kila mtu hudhani mwenzake amekwisha yafundisha.

Neno halishiki kichwani kwa kuonwa mara moja. Hermann Ebbinghaus, Mjerumani aliyejipima mwenyewe na kuchapisha matokeo yake mwaka 1885, alionyesha kwamba mambo yaliyokaririwa husahauliwa kwa kasi kubwa katika saa na siku za mwanzo, na kwamba kuyarudia kwa vipindi vilivyoachana huyadumisha kuliko kuyarundika siku moja. Basi mwanafunzi huhitaji kukutana na neno mara nyingi, mahali tofauti tofauti, na katika maandishi anayoyaelewa. Orodha ya ubaoni haiwezi kumpa hayo. Kitabu chepesi cha hadithi chaweza.

Uthibitisho mzuri ulitoka Fiji, katika shule za vijijini ambako watoto hawasemi Kiingereza nyumbani. Warwick Elley na Francis Mangubhai walianza mwaka 1980 kupeleka katika kila darasa la jaribio vitabu vya hadithi kama 250, vyenye picha na lugha ya kueleweka, wanafunzi wakapewa dakika 20 hadi 30 kila siku za kusoma au kusomewa. Madarasa mengine yaliendelea na mazoezi ya kawaida ya sarufi na kurudiarudia. Katika mwaka wa kwanza watoto wa vitabu walisonga mbele katika kusoma na kusikiliza kwa kasi iliyokuwa kama mara mbili ya wenzao. Mwaka wa pili faida ikaenea hadi katika uandishi, sarufi na hata mitihani ya masomo mengine. Jambo la kutia moyo ni kwamba walimu walikuwa wale wale wa vijijini. Jambo la kukatisha tamaa ni kwamba katika shule nyingi kabati la vitabu hufungwa kwa kufuli ili vitabu visichakae.

Kiswahili mlangoni

Sasa turudi kwa mwanafunzi aliyenyamaza. Je, Kiswahili kimzuie au kimsaidie?

Ni kweli kwamba Kiswahili humpotosha mahali fulani. Kiswahili kina irabu tano tu, ilhali Kiingereza sanifu cha Uingereza kina sauti za irabu zipatazo ishirini. Ndiyo maana “ship” na “sheep” humtoka mwanafunzi kwa sauti moja. Kiambishi cha “anakuja” hakisemi kama ajaye ni mume au mke, kwa hiyo “he” na “she” hupishana kinywani hata kwa watu wasomi. Kuazima ni kitendo kimoja kwa atoaye na apokeaye, na kutokana na hilo kalamu huombwa kwa “borrow me” badala ya “lend me”. Mkono wa Kiswahili waanzia begani hadi kwenye vidole, lakini Mwingereza anao wa “arm” na wa “hand”, na katika Baiolojia tofauti hiyo hupimwa. Mtu akiulizwa “Hujala?” naye hajala, hujibu “Ndiyo”, akijibu “Yes” kwa swali kama hilo la Kiingereza, amesema kinyume.

Lakini orodha hii yote ni sababu ya kukiita Kiswahili darasani. Mwalimu anayelinganisha lugha mbili waziwazi kwa dakika tatu humwonyesha mwanafunzi shimo lilipo. Mwalimu asiyekitaja humwacha alitumbukie kila siku. Pit Corder aliandika mwaka 1967 kwamba makosa ya mwanafunzi ni dirisha: yanaonyesha kanuni anayojijengea kichwani kwa wakati huo. Anayesema “borrow me” si mvivu wala mjinga. Ametumia kanuni sahihi ya lugha nyingine.

Tena Kiswahili kina zana ambazo walimu wengi hawazitumii. Katika mazungumzo ya kila siku neno nguvu hubeba mizigo mingi, lakini Kiswahili cha sayansi hutenga kani, nishati na nguvu, sawasawa na Kiingereza kinavyotenga “force”, “energy” na “power”. Mwanafunzi aliyeipata tofauti hiyo kwa lugha anayoielewa hubakiwa na kazi ya kujifunza majina matatu tu. Asiyeipata hulazimika kujifunza dhana na jina kwa wakati mmoja, gizani. Wala kutafsiri si kazi ya kudharauliwa: Mwalimu Julius Nyerere, ambaye alipata kuwa mwalimu wa sekondari huko Pugu, alitafsiri tamthilia mbili za Shakespeare, ya kwanza ikachapwa mwaka 1963.

Mawazo haya yalijaribiwa nchini. Katika miaka ya 2010 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dodoma na wenzao wa vyuo vingine, pamoja na Chuo Kikuu cha Bristol, walishirikiana na Taasisi ya Elimu Tanzania kutayarisha sura za vitabu vya Kidato cha Kwanza zenye Kiingereza chepesi, picha, faharasa ya Kiswahili, na mazoezi yanayowaruhusu wanafunzi kuzungumza kwanza kwa Kiswahili kabla ya kuandika kwa Kiingereza. Uchunguzi wao uligusa shule za mikoa ya Dodoma, Lindi na Morogoro.

Onyo moja halina budi kutolewa. Kuna darasa ambalo Kiswahili kimekula kipindi chote: mwalimu husoma sentensi ya Kiingereza, huitafsiri, husoma nyingine, huitafsiri. Wanafunzi hujifunza upesi kwamba hawana haja ya kuisikiliza ile ya kwanza. Darasa hilo lina raha, lakini halifundishi Kiingereza. Na saa ni zile 160. Daraja hujengwa ili watu wavuke. Asiwepo wa kujenga nyumba juu yake.

Somo moja, kipindi kimoja

Namna ya kuyaunganisha haya yote yaweza kuonekana katika somo la mmomonyoko wa udongo, ambalo mwanafunzi wa Mgeta analijua kwa macho na miguu yake.

Kwa dakika nane wanafunzi, wawiliwawili, huelezana kwa Kiswahili walichokiona katika mashamba ya kwao mvua iliponyesha. Kiluguru kikichomoza, kisikatazwe. Kuna majina ya udongo na ya sehemu za mlima ambayo hayapatikani kwingine. Wazee wa huko wana hata historia ya kusimulia: katika miaka ya 1950 serikali ya kikoloni iliamuru matuta ya ngazi yakatwe kote Uluguru, watu wa Matombo, upande wa mashariki, wakaipinga amri hiyo kwa ghasia mwaka 1955, ilhali matuta ya wakulima wa mboga wa Mgeta yalidumu. Mwalimu husikiliza, kisha huandika ubaoni maneno sita au saba tu ambayo wanafunzi watayahitaji: “slope”, “bare”, “topsoil”, “carry”, “terrace”, “slow down”. Kila moja huwekewa Kiswahili chake.

Halafu Kiswahili husimama. Mwalimu husoma kwa mwendo wa kawaida, mara mbili, fungu fupi ambalo ameliandaa: “When heavy rain falls on a bare slope, the water carries the topsoil down to the river. Farmers cut terraces. A terrace slows down the water, and the soil stays in the field.” Mara ya kwanza kalamu hukaa chini. Mara ya pili wanafunzi huandika maneno machache tu wanayoyadaka. Kisha makundi ya wanne hujaribu kulijenga upya fungu zima kutokana na vipande hivyo. Mbinu hii, ambayo Ruth Wajnryb aliieneza kwa kitabu chake cha mwaka 1990, hutofautiana na imla ya zamani, kwa sababu mwanafunzi halengi kunasa kila neno. Hulenga kuirudisha maana katika sentensi zinazosimama, na ili afanye hivyo yampasa abishane na wenzake kuhusu sarufi. Haihitaji vitabu 60. Inahitaji ubao, chaki na fungu lililoandikwa kwa uangalifu.

Ubishi wenyewe waweza kuwa wa Kiswahili, nao ndio moyo wa somo. Je, ni “water carry” au “water carries”? Mwingine atasema maji ni mengi, kwa hiyo neno ni la wingi. Katika Kiswahili maji yana ngeli ya wingi, naye ana haki ya kufikiri hivyo. Mwingine atakuwa ameisikia sauti ya mwisho. Mwalimu hupita kati ya makundi bila ya kutoa jibu upesi.

Dakika kumi za mwisho makundi mawili huandika kazi yao ubaoni, ikalinganishwa na ya mwalimu. Tuseme kundi moja limeandika: “When the big rain fall in the slope which has no grass, the water carry the topsoil to the river. The terrace make the water slow and soil it stay in the field.” Makosa yamo. Lakini kila hatua ya hoja imo pia: mvua, mteremko usio na majani, maji, udongo, mto, tuta, shamba. “Bare” halikukumbukwa, na kundi likatafuta njia ya kulizunguka. Mwalimu hupiga mstari chini ya “fall”, “carry”, “make” na “stay”, ambavyo vyote vinne vina kasoro moja ile ile, huwauliza wanafunzi wameona nini, na hayo mengine huyaacha kwa kipindi cha kesho.